Bolti imeslipu: tambua ugonjwa kabla ya kuongeza nguvu

Gerejini neno ni moja tu: "imeslipu." Spana ikiteleza kichwani, imeslipu. Bolti ikinyumbuka bila kufunguka, imeslipu. Bolti ikizunguka bila kukaza, imeslipu. Kichwa kikikatika na kubaki ndani ya soketi, bado utamsikia mtu akisema imeslipu. Neno hilo linabeba magonjwa manne, na dawa zake hazifanani. Kulehemu nati juu ya kichwa kilicholika ni tiba nzuri sana, lakini haisaidii chochote kwa bolti ambayo thredi zake (ile mitaro ya mzunguko inayoshikana) zimeng'oka ndani ya aluminiamu, maana hiyo inazunguka tayari. Kinachokosekana pale si kushika, ni kung'ata.

Kwenye gari la zamani ugonjwa huu ni wa kila wiki. Bolti za ekzosi zimepashwa moto na kupoa maelfu ya mara. Za chini ya gari zimekunywa maji na matope kwa miaka. Na mafundi watano waliolipitia kabla yako kila mmoja aliacha alama yake: huyu alikaza kupita kiasi, yule alirudisha bolti ya saizi nyingine kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Ninachokuomba ni kimoja, na nakiomba kwa uzito wote: spana ikiteleza mara ya kwanza, simama. Usijaribu tena "kidogo tu." Mara ya kwanza kona za kichwa zinakuwa bado zipo, zimechubuka tu. Mara ya tatu kichwa ni duara. Bolti nyingi nilizoona zimeharibika kabisa hazikuharibiwa na kutu. Ziliharibiwa na jaribio la pili na la tatu, la mtu aliyekwisha kukasirika.

Ukishasimama, fanya mambo matatu. Piga brashi ya waya kichwani mpaka uone chuma, halafu weka mwanga. Gusa sumaku mahali bolti ilipoingia: ikinasa, tundu ni la chuma, isiponasa, karibu kila mara ni aluminiamu, na utahitaji upole zaidi. Tatu, hakikisha unazungusha upande sahihi. Baadhi ya magari na malori ya zamani yana nati za magurudumu ya kushoto zenye thredi za kushoto, ambazo hufunguka kwa kuzungushwa kama unakaza. Mara nyingi stadi yake, ile bolti isiyo na kichwa inayobeba nati, imegongwa herufi L kwenye ncha. Watu wamekata stadi tano nzima kwa kutoitazama herufi hiyo.

Dalili: spana inateleza, kona zimelika

Chanzo cha kawaida ni saizi. Magari ya zamani huchanganya inchi na milimita, wakati mwingine kwenye injini moja, na saizi hizo zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 inaivaa bila shida. Nusu inchi ni 12.7, na spana ya 13 itaingia vizuri tu, ila inacheza. Tisa kwa kumi na sita ni 14.29, ukiivisha bolti ya 14 spana hiyo, mkono utaona imekaa sawa mpaka utakapotia nguvu. Kabla ya kuvuta, tikisa spana kushoto na kulia kwa kidole kimoja. Ikicheza, si yake.

Chanzo cha pili ni aina ya spana. Soketi ya pembe kumi na mbili hushika karibu kabisa na kona, na kona ndizo hulika kwanza. Soketi ya pembe sita huegemea ubavu wa kichwa. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na midomo yake hupanuka ukiivuta kwa nguvu. Kwa bolti iliyokaa miaka kumi na mitano bila kufunguliwa, anza na pembe sita, usiifanye kimbilio la mwisho. Hakikisha pia soketi imeshuka mpaka chini. Tabaka la kutu au rangi likiinua soketi milimita mbili, unashika nusu ya kichwa.

Kama kona zimelika lakini zipo, gonga kichwa kwa nyundo kwanza. Mapigo matatu au manne ya wima, yenye uzito wa wastani, yanapasua gundi ya kutu kwenye thredi na chini ya kichwa. Kisha tafuta soketi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo na uipige kwa nyundo ikae kwa nguvu. Hapa ndipo mchanganyiko wa inchi na milimita unakuwa rafiki: soketi ya nusu inchi hupigiliwa vizuri kwenye kichwa cha 13 kilicholika. Tumia soketi ya zamani, kwa sababu inaweza kupasuka.

Kama kichwa kinafikika kwa tupa, piga pande mbili zinazotazamana mpaka spana ya saizi ya chini ikae kwa kubana. Ni kazi ya dakika ishirini na watu huikwepa, lakini imeniokoa mara nyingi kuliko vifaa vya bei. Vaisigripu, koleo linalojifunga likibana, nayo inafaa, kwa sharti kwamba unaishika bolti mara moja tu na kwa kubana kweli. Ukiiacha iteleze, inafanya kazi ya tupa kwa niaba yako, bila mpangilio. Zipo pia soketi zenye meno ya mzunguko ndani, zilizotengenezwa kwa vichwa vilivyolika. Kadiri unavyofungua ndivyo zinavyong'ata. Kwa nati za magurudumu sijaona kitu bora zaidi.

Kichwa kikiwa duara kabisa, lehemu nati juu yake. Chukua nati ambayo tundu lake linakaribia upana wa kichwa, iweke juu, jaza katikati kwa weldi. Ngoja wekundu uishe, kisha fungua polepole. Joto lenyewe limefanya nusu ya kazi.

Skrubu za msalaba zina siri yake. Magari ya Kijapani ya zamani yalifungwa skrubu za kiwango cha JIS, ambazo kwa macho zinafanana na za Phillips lakini msalaba wake umekatwa tofauti. Bisibisi ya Phillips haishuki hadi chini humo. Inapanda na kuchonga. Ukiwa na bisibisi ya JIS, nusu ya skrubu "zilizoslipu" kwenye kabureta na diski za breki zinafunguka kwa utulivu. Kwa zile za diski, tumia bisibisi ya kugongwa, ile inayogeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko: inasukuma ndani na kufungua kwa wakati mmoja, na ndicho skrubu hiyo inachotaka.

Dalili: kichwa kizima, lakini inanyumbuka

Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu bado hakuna kilichoharibika na mkono unakudanganya kwamba uko karibu. Jifunze tofauti ya hisia mbili. Bolti inayokubali hutoa mlio mfupi, mkavu, kama kijiti kinachovunjika, halafu inalegea. Bolti inayokaribia kukatika haitoi mlio. Inakwenda robo mzunguko kwa ulaini, kama unakunja mpira, na ukiachia spana inarudi kidogo. Hapo thredi hazijasogea. Kiwiliwili cha bolti ndicho kinachosokotwa. Ukiongeza nguvu umepata ugonjwa wa nne, kichwa kukatika.

Kwa bolti ya namna hii kinachofanya kazi ni muda na joto. Weka mafuta ya kupenya kutu jioni, gonga kichwa, ongeza tena, acha ilale usiku kucha. Wapo wanaochanganya oili ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, ila unashika moto haraka, kwa hiyo usiutumie halafu ukaleta tochi ya gesi. Asubuhi, jaribu kwanza kukaza kidogo sana, nywele tu, kisha fungua. Ikisogea, usiifungue moja kwa moja: nusu mzunguko nje, robo ndani, mafuta, tena. Kutu iliyosagika inahitaji mahali pa kwenda, na ukiivuta moja kwa moja inajipanga mbele ya thredi na kukwama upya.

Moto una kanuni yake. Pasha kile kinachozunguka bolti, ili tundu lipanuke. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo bolti ya chuma iliyokwama kwenye aluminiamu mara nyingi huachia kwa joto ambalo halijafika hata karibu na wekundu. Usiipashe aluminiamu mpaka ibadilike rangi, kwa kuwa haibadiliki. Inabaki vilevile, halafu inayeyuka ghafla. Kwenye chuma cha kusubu cha manifoldi unaweza kupasha zaidi. Chuma kikiwa bado cha moto, gusisha mshumaa kwenye ukingo wa bolti: nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya thredi mahali ambapo mafuta yangeungua.

Moto hauwekwi karibu na bomba la petroli, hozi ya breki wala bushi ya mpira. Na mahali palipopulizwa dawa ya kusafishia breki, pasikaribiwe na tochi wala weldi mpaka pawe pakavu kabisa na pamepata hewa. Dawa za aina hiyo zenye klorini zikikutana na joto kali hutoa gesi ya fosjini, na kiasi kidogo chake kinaweza kuua. Soma kopo kabla hujawasha kiberiti.

Dalili: inazunguka, haikazi wala haitoki

Kwanza tofautisha vyanzo viwili. Kama bolti imeingia kwenye bodi au chasisi, huenda nyuma yake kuna nati iliyolehemewa ambayo imeachia na sasa inazunguka pamoja nayo. Utaisikia ikikwaruza ndani. Hapo thredi hazina kosa lolote. Kinachotakiwa ni kuishika nati, na kama hakuna njia ya mkono kufika, kukata kidirisha upande wa pili au kukata kichwa cha bolti kwa grinda.

Kama si hivyo, thredi zimeng'oka. Ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa, inua huku ukifungua, na thredi chache zilizobaki zitashika mpaka bolti itoke. Usiitupe. Iangalie, kwa kuwa itakuambia nani ameumia.

Mfano ninaoukumbuka ni nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ile ya kumwagia oili. Mwenye gari alilalamika kwamba oili inadondoka hata baada ya kubadilishiwa washa mara mbili. Nilipoikaza kwa mkono ilifika mahali pa kukaza, halafu mkono ukaingia patupu. Ilitoka ikiwa imejivika waya mwembamba wa fedha, umejiviringa safi ndani ya mitaro yake kama springi ya kalamu. Niliuchomoa kwa ncha ya sindano, mizunguko mitano mizima. Ule waya ulikuwa thredi za sampu. Nati yenyewe haikuwa na mkwaruzo, na mtu angeweza kununua mpya kumi na oili ikaendelea kudondoka.

Ukiona waya wa fedha, tundu ndilo lililokufa. Ukiona mitaro ya bolti imelala upande mmoja au imejaa chuma kilichopondeka, bolti ndiyo iliyokufa na tundu huenda likapona kwa kupitishiwa tepu, kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu, taratibu.

Kwa tundu lililokufa, dawa ya kwanza haigharimu kitu, na wengi huiruka. Chovya waya mwembamba ndani ya tundu upime kina. Viwandani mara nyingi tundu huchimbwa refu kuliko bolti, na chini huko zipo thredi ambazo hazijawahi kuguswa. Bolti ndefu kwa milimita tano au nane inaweza kuzifikia. Ipime kwa vidole kabla ya spana, isije ikagonga mwisho wa tundu kabla ya kichwa kukaa. Kwa chuma, urefu wa thredi zinazoshikana unaolingana na kipenyo cha bolti unatosha. Kwa aluminiamu tafuta mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo.

Ikishindikana, weka thredi mpya. Kupanua tundu kwenda saizi ya juu, kama kutoka M8 (kipenyo cha milimita 8) kwenda M10, ni rahisi, ila inategemea kama nyama iliyobaki inatosha na kama tundu la kipande kinachofungwa litapitisha bolti nene. Mimi hupendelea springi ya thredi, aina ya Helicoil, kwa kuwa bolti inabaki saizi yake ya asili na thredi za chuma kisichoshika kutu ni imara kuliko zile za aluminiamu zilizokuwepo. Kwa M8 ya hatua ya 1.25 (milimita kati ya thredi moja na inayofuata) unachimba kwa biti ya milimita 8.3 hivi, unapitisha tepu maalumu inayokuja na seti, unaizungusha springi ndani mpaka izame robo hadi nusu mzunguko chini ya uso, kisha unakivunja kimkia chake na kukitoa. Jambo zito ni kuchimba wima. Tundu likiegama, bolti itaegama milele, na kichwa kitakaa kwa ukingo mmoja.

Kwa kitu kinachofunguliwa mara kwa mara, kama nati ya sampu au plagi ya kuwashia, bushi nzima yenye thredi ndani na nje ni bora kuliko springi, kwa kuwa springi ikilegea inaweza kutoka pamoja na nati. Na usikubali zile nati za sampu zinazojikatia thredi zenyewe kwenye aluminiamu. Zinaziba kwa mara moja au mbili, kisha zinaupasua mdomo wa tundu.

Plagi za magari mengi ya zamani ni M14 ya hatua ya 1.25. Ukizitengenezea thredi bila kufungua hedi (kichwa cha injini), paka tepu grisi nzito ili chenga zinase, itoe na kuifuta kila baada ya nusu mzunguko. Kwenye sampu, ukimaliza, mimina oili kidogo ya bei nafuu ipite na kuosha chenga kabla ya kuweka oili yenyewe.

Dalili: kichwa kimebaki mkononi

Angalia kilichobaki. Kipande kikiwa kimechomoza hata milimita nne, vaisigripu pamoja na moto vinaweza kutosha. Kikiwa kimechomoza kidogo tu au kiko sawa na uso, lehemu: weka washa, unganisha washa na kipande, kisha nati juu ya washa. Weldi haishikani na aluminiamu iliyo pembeni, kwa hiyo usiogope sana kuharibu tundu. Inaweza kuhitaji kurudiwa mara tatu au nne, na kila jaribio linaongeza joto kwenye kipande. Vipande vilivyogoma mara mbili nimeviona vikitoka mara ya nne kwa vidole.

Bila weldi, inabaki drili. Sawazisha uso kwa tupa, gonga alama katikati kabisa, na tumia dakika nyingi hapo kuliko kwenye kuchimba kwenyewe. Ukikosea kwa milimita moja kwenye M6 umeshakula ukuta wa tundu. Anza na biti ndogo. Ukipata biti za kushoto, zitumie, kwa sababu zinachimba zikielekea upande wa kufungua, na mara nyingi kipande hutoka chenyewe biti inaponasa.

Kuhusu ule mchomo wa mzunguko wa kushoto unaopigiliwa ndani ya tundu na kufungua, izi-auti, nina neno zito. Umetengenezwa kwa chuma kigumu mno, ambacho biti ya kawaida haikichimbi. Bolti iliyokatika kwa sababu ya kutu haitafunguliwa na kitu chembamba kuliko bolti yenyewe. Niliwahi kuvunja mmoja ndani ya stadi ya ekzosi, na kazi ya saa moja ikawa ya siku mbili, hedi ikashushwa. Tangu hapo nautumia tu kwa bolti iliyokatika kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi, ambayo thredi zake hazikukwama. Iliyokamatwa na kutu naichimba yote: kwa M8 ya 1.25 napanda hadi biti ya milimita 6.8, kwa M6 hadi 5.0, kisha natoa mabaki ya thredi kwa sindano kama ganda na kupitisha tepu.

Wakati wa kurudisha

Safisha tundu. Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na oili au maji, bolti inayosukumwa ndani inaweza kulipasua, kwa kuwa kimiminika hakibonyei. Anza kwa vidole: zungusha kwanza kinyume mpaka uhisi kimshtuko kidogo thredi zinapoangukiana, ndipo ukaze. Bolti isiyokwenda mizunguko mitatu kwa vidole haijaingia sawa, na spana haitairekebisha.

Soma namba kichwani, inayoonyesha uimara wa bolti. Iliyotoka ikiwa 10.9 isirudishwe 8.8. Bolti za hedi zinazokazwa kwa nyuzi za pembe hadi zinyooke hazirudishwi kabisa, nunua mpya. Kitabu cha gari kikitaja kiasi cha kukaza, fuata hicho. Kisipotaja, kwa 8.8 kavu iliyoingia kwenye chuma, M6 hukaribia Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 na M8 hukaribia Nm 25, na kwa aluminiamu shuka chini ya hapo. Ukipaka grisi ya kuzuia kukwama, shuka tena, kwa kuwa thredi zinazoteleza hupokea mkazo mkubwa zaidi kwa nguvu ileile ya mkono.

Ile sampu niliiwekea bushi. Nilipasha injini, nikaifuta kwa kitambaa kikavu, nikaacha karatasi nyeupe chini yake usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa nyeupe.